Filamu za nyumbani, mtazamaji yuko Masasi

SWALI: Nina Jellyfin, programu ya kurusha filamu zangu kwenye vifaa vingine, kwenye kompyuta iliyoko nyumbani Shangani, Mtwara. Nikiwa kazini Masasi nataka kuifikia. Fundi kasema nifungue poti 8096, yaani mlango wa mtandao wa Jellyfin, kwenye ruta. Ni salama?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Hapana, usiifungue. Poti hiyo kwa kawaida hupitisha HTTP tupu, kwa hiyo nywila yako husafiri bila kufichwa, na roboti zinazopekua anwani za intaneti zitabisha hodi mapema kuliko unavyodhani.

Kwanza ingia kwenye ruta utazame anwani ya WAN, ile ambayo ruta inapewa na kampuni ya intaneti. Ikianza na 10 ikifuatiwa na nukta, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja na wateja wengine wa mtandao wako. Hata ungefungua poti, usingefikika. Ushauri wa fundi ungekuhangaisha bure.

Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha, kwenye kompyuta na kwenye simu, uingie kwa akaunti ileile, yenye uthibitisho wa hatua mbili. Kompyuta itapewa anwani inayoanza na 100. Andika hiyo kwenye programu ya Jellyfin, ikifuatiwa na :8096. Ruta usiiguse, ila zima UPnP, kipengele kinachoruhusu programu kufungua poti zenyewe. Ufunguo wa kifaa kwenye Tailscale kwa kawaida huisha baada ya siku 180, kwa hiyo zima ukomo huo kwa ajili ya kompyuta, la sivyo siku moja itagoma nawe uko mbali. Zuia pia isilale.

Picha ikikwamakwama, mara nyingi tatizo ni kasi ya kupakia ya nyumbani, si ya Masasi. Shusha ubora hadi 720p, megabiti 3 hivi kwa sekunde.