Usitie sahihi karatasi ya mkopo

Mwanangu,

Marahaba. Huku Ujiji tu wazima, mgongo wa mama yako umepata nafuu na anakusalimu sana.

Umeniuliza kama upokee nusu ya pesa yako kwa yule dalali wa Mwanga aliyekuahidi kazi za ndani Oman, kisha ukafute kesi polisi, maana anataka yaishe kindugu. Udugu huo sijui aliuficha wapi alipokuwa hapokei simu.

Pesa ni yako, akirudisha pokea. Kesi si yako kuifuta. Nilikuwa karani wa mahakama, na majalada yale yanaandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Wewe humo ni shahidi. Wa kuomba shtaka liondolewe ni mwendesha mashtaka. Tena kupokea fedha kwa sharti la kunyamazia kosa kubwa nako ni kosa, na hilo litakuwa lako.

Kinachonitisha zaidi ni hiyo karatasi aliyokuandalia utie sahihi, inayosema ulimkopesha. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka 7. Mkopo usiolipwa ni madai tu, mtaenda kuhesabiana mbele ya hakimu na jioni kila mtu anarudi kwake. Ukisaini, umemtoa mwenyewe kwenye jinai.

Halafu atajitetea kwamba alikuahidi tu, safari ikakwama. Ana pa kushika hapo: sheria yetu inataka uongo uwe juu ya jambo lililopita au lililopo, si la kesho. Kwa hiyo usiishie kusema "aliniahidi kunipeleka". Eleza yale aliyokwambia kuwa tayari yapo: kwamba ana leseni ya uwakala wa ajira, kwamba viza yako imeshatoka, kwamba tajiri wa Muscat ameshalipa tiketi. Hayo yanapimika. Kama leseni ipo, serikali ndiyo iliyoitoa, na mpelelezi anaweza kuuliza kwa maandishi akajibiwa. Meseji zake za sauti usizifute hata simu ikijaa, na kampuni ya simu ikupe taarifa ya miamala yenye jina la aliyepokea.

Kuna jambo hukuniuliza. Mama wa mmoja wa wenzako waliotangulia kuondoka aliniambia binti kanyang'anywa pasi na mshahara haoni. Hilo limepita utapeli. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inamgusa hata anayeandikisha watu kwa kisingizio cha ajira ya nje ili wakatumikishwe kwa nguvu, na kwamba binti aliondoka kwa hiari yake hakumwokoi dalali. Mama yule anaogopa polisi. Wewe anakuamini, nenda naye.

Basi panda treni uje. Mjibu dalali kwamba pesa utaipokea mbele ya mpelelezi, na iandikwe ni ya nini. Akikataa masharti hayo, meseji ya kukataa kwake usiifute pia.

Baba yako