Je, mshahara mdogo ndio chanzo cha wizi kazini?

Swali: Mhariri, ninasimamia kampuni yenye wafanyakazi 40. Tumegundua upungufu wa fedha, na wakuu wenzangu wanataka tuwabane wenye mishahara midogo kwa sababu ndio wenye shida. Je, wana hoja?

Jibu: Wanayo, lakini ni nusu ya hoja. Donald Cressey, mwanasosholojia wa Marekani aliyewahoji wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa na kuchapisha matokeo mwaka 1953, aliona kwamba mtu huvunja amana anapokuwa na tatizo la fedha asiloweza kumweleza yeyote, akatambua kuwa kazi yake inampa njia ya kulimaliza kwa siri, kisha akajiridhisha kwamba, tuseme, amekopa tu. Tatizo hilo si lazima liwe umaskini. Madeni ya kamari humpata hata mkurugenzi.

Ukubwa wa hasara hutegemea zaidi ile njia, nayo hupanuka kadiri cheo na mshahara vinavyopanda. Ripoti ya mwaka 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wakaguzi wa udanganyifu, ilichambua kesi 1,921. Hasara ya katikati, yaani ile ambayo nusu ya kesi ziliizidi na nusu hazikuifikia, ilikuwa dola 60,000 kwa wafanyakazi wa kawaida, 184,000 kwa mameneja na 500,000 kwa wamiliki na wakurugenzi, ijapokuwa hawa wa mwisho walihusika katika kesi 19 tu kati ya kila 100. Karani anayeandaa hati ya malipo husubiri sahihi ya mkubwa wake. Mwenye sahihi akiamua kuiba, nani chini yake atathubutu kuhoji?

Kuongeza mishahara ni jambo la haki, na huondoa manung'uniko ambayo mwizi huyafanya kisingizio, ila hakuzibi mwanya. Mwanya huzibwa pale anayeidhinisha malipo asipokuwa yeye anayetunza fedha wala anayelinganisha vitabu na taarifa za benki. Wekeni pia njia ya siri ya kutoa taarifa, kwa maana katika ripoti hiyo hiyo kesi 43 kati ya 100 zilifichuliwa na watoa taarifa, na zaidi ya nusu yao walikuwa wafanyakazi, wakiwemo, bila shaka, hao mnaotaka kuwabana.

Barua yako haikutaja ni nani anayekagua malipo mnayoyaidhinisha ninyi wakuu. Ningeanzia hapo.