Marianne alimpenda Max au alikuwa kazini tu?

SWALI: Anti shikamoo. Juzi jumamosi mimi na mume wangu tumeangalia Allied, ile ya Brad Pitt na Marion Cotillard, jamaa wa muvi hapa mtaani katuwekea kwenye flashi. Mpaka leo hatujaelewana, yeye anasema yule mwanamke alikuwa jasusi wa Wajerumani basi, mapenzi yote kazi, mimi nasema alimpenda. Halafu hivi kweli serikali inaweza kumwambia mtu amuue mke wake kwa mkono wake mwenyewe? Nililia anti. – Mama wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hata mimi nililia, na nimeshaiangalia mara tatu. Ambaye hajaiona aruke hapa kwanza, siwezi kujibu bila kusema mwisho.

Niko upande wako, na ushahidi wangu wa kwanza uko mwanzoni kabisa kule Casablanca, Moroko, 1942, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Max (Brad Pitt), anayewafanyia kazi Waingereza, na Marianne (Cotillard) wanajifanya mke na mume ili wamuue balozi wa Ujerumani, Marianne kashazoeana na wake za wakubwa mpaka wanampenda kabisa, Max anashangaa anawezaje, naye anamwambia hisia zake haziigizi, anaziacha ziwe za kweli ndo maana kazi yake inaenda. Pale wengi tunapitiliza kwa sababu macho yapo kwenye magauni, lakini jamani muvi nzima imejibiwa pale. Jina lilikuwa la uongo, Marianne halisi alishauawa kitambo, ila moyo haukuwa wa kuazima. Na kule mwishoni uwanja wa ndege, injini imegoma kuwaka, wanajeshi wameshafika, angekuwa kazini tu angejiokoa yeye. Anajipiga risasi mwenyewe ili Max na mtoto wabaki salama.

Mumeo atasema mbona alipeleka siri. Ni kweli alipeleka, Wajerumani walimfuata hukohuko London, alikoolewa na Max kweli na kuzaa naye, wakamtishia mtoto, na yule mama wanayemwachia mtoto wao Anna wakitoka alikuwa mmoja wao, yani adui ndo anambeba mwanao! Hapo lakini namlaumu, angemwambia mumewe siku ile ile ya kwanza. Max angeua mtu kwa ajili yake, na mwisho wa siku si aliua kweli.

Kuhusu ule mtego wa kumjaribu Marianne, wakubwa wa Max wanampigia simu usiku, aandike taarifa ya uongo kwenye karatasi na aiache mahali mkewe ataiona, ikisikika kwenye mawasiliano ya Wajerumani basi imejulikana imetokea wapi. Ni kama mwenye duka anavyoweka alama kwenye noti ajue nani anachomoa. Mbinu hiyo majasusi waliitumia kweli. Max na Marianne wenyewe hawakuwepo kwenye historia, ingawa mwandishi wa muvi Steven Knight alisema kisa alihadithiwa na mtu akiwa kijana.

Ila ule wasiwasi wa wakubwa usiuone wa kutungwa. Waingereza walianzisha kitengo chao cha SOE 1940 kupeleka watu nyuma ya adui, sasa kule Uholanzi Wajerumani wakamkamata mtu wake wa redio, yule wa kutuma ujumbe London, wakawa wanaitumia redio yake kuongea na London kama vile ni yeye, London nayo inaendelea kutuma watu na wanadakwa wakishuka tu na parachuti, zaidi ya 50 walikamatwa hivyo. Na kuna dada mmoja, Noor Inayat Khan, baba Mhindi mama Mmarekani, aliingia Ufaransa Juni 1943 kama mtu wa redio, wenzake wakakamatwa karibu wote yeye akakataa kurudi Uingereza, akabaki Paris anahamahama na redio yake. Oktoba akasalitiwa, Wajerumani wakamkamata. Walimuua kwenye kambi ya Dachau, Ujerumani, Septemba 1944, ana miaka 30. Huyo alikuwepo kweli, na nikimkumbuka naelewa kwa nini ofisi ile haikumwamini mtu, hata mke wa ofisa wao.

SWALI: Anti, ile Casablanca walienda Moroko kweli? Na Wajerumani walifuata nini kule Afrika? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Hapana mwanangu, hizo sini walipiga Gran Canaria, kisiwa cha Hispania. Moroko wakati huo ilikuwa chini ya Ufaransa, na serikali ya Ufaransa iliyokaa mji wa Vichy ilikuwa inashirikiana na Hitla, kwa hiyo maofisa wa Kijerumani walikuwepo pale wanakula na kunywa kama kwao, mpaka Wamarekani waliposhuka tarehe 8 Novemba 1942. Ukiirudia angalia ile karamu ya balozi, Max na Marianne wanavyosubiri mlipuko wa nje ndo waanze kupiga risasi. Mimi hapo huwa naacha hata kupumua.