Bakteria wa fizi na saratani ya kinywa
Uhusiano kati ya bakteria wa fizi na saratani ya kinywa upo, ila haijathibitishwa kwamba bakteria peke yao huianzisha. Porphyromonas gingivalis na Fusobacterium nucleatum, wale wa ugonjwa wa fizi, hukutwa kwa wingi kwenye uvimbe wa saratani kuliko kwenye nyama yenye afya ya jirani, lakini huenda walihamia tu palipokwisha kuharibika. Kinachoeleweka vizuri zaidi ni pombe: bakteria wa mdomoni, hasa Neisseria, na fangasi Candida huigeuza kuwa asetaldehidi, kemikali yenye sumu, na hiyo huharibu DNA papo hapo mdomoni. Visababishi vikuu bado ni tumbaku, pombe na popoo la kwenye tambuu. Kidonda au doa jeupe likizidi wiki 2 au 3, daktari wa meno akate kinyama kipimwe; kusukutua hakutoshi.