Jibu: Kusafisha eabrashi baada ya kupiga laka

Mkuu, unauliza kwa nini tapentaini imeshindwa kuondoa laka kwenye eabrashi yako, yaani kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa. Tapentaini ni ya rangi za mafuta; laka iliyokauka haiiwezi. Nunua thina ya NC (nitroselulosi), kiyeyushi kile cha wapiga rangi wa magari. Mimina kidogo kwenye kikombe cha eabrashi, pulizia kitambaa, rudia mpaka itoke safi bila rangi. Kisha chomoa sindano uipanguse kuelekea nchani, taratibu, maana ikipinda umekwisha.

Asetoni nayo inayeyusha, tena haraka, ila huvimbisha oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji. Mimi naitumia kwa nozeli iliyoziba tu, nikiwa nimeichomoa. Usiloweke eabrashi nzima, hata kwenye thina! Na fanyia nje, mbali na jiko. Mvuke wa thina na wa asetoni unadaka moto upesi sana.