Daftari la Malaba

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea shangazi yako alipokuja kutoka Busia. Unauliza: "Mama, nifanyeje watu wanisikilize kazini wakati mimi si bosi wa mtu?" Umekabidhiwa mradi wa kupeleka dawa wilayani, uwaunganishe watu wa ghala, wa fedha na wa magari, na hakuna hata mmoja aliye chini yako. Ukiwaandikia hawajibu. Yule bwana wa ghala akikuona mlangoni anaweka simu sikioni. Mwisho ukaniuliza kama uende kwa mkurugenzi ukadai cheo cha msimamizi.

Kabla sijasema lolote, niambie kuhusu huyo bwana wa ghala. Anafika kazini saa ngapi? Nani humgombeza dawa zikichelewa? Mzigo wake umekwama wapi? Najua umetabasamu, maana neno hilo mmelisikia mpaka kaka yako akawa ananiigiza mezani. Lakini mimi sina jingine: anayejua mzigo wa mwenzake umekwama wapi ndiye anayesikilizwa.

Malaba, pale mpakani mwa Kenya na Uganda, unaikumbuka kwa macho ya mtoto, vumbi na chapati na honi za malori usiku kucha. Wakati ule hakukuwa na kituo kimoja cha pamoja kama leo. Lori lilisimama upande wa Kenya, likakaguliwa, likagongewa mihuri, likavuka daraja, kisha likaanza upya kwetu Uganda. Mimi nilikuwa karani tu katika kampuni moja ya uwakala wa forodha, kazi yangu kupeleka karatasi kutoka dirisha hili hadi lile. Wakubwa wetu walitoka Kampala, na kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Sasa dereva wa Mombasa, Msomali wa Garissa, Mnyarwanda anayekwenda Kigali na Mkongo wa Goma wakikutana pale foleni, wataongea nini? Babu yenu alituletea Kiswahili nyumbani kutoka relini, na mimi ndicho kilichonilisha Malaba.

Ndipo nikaanzisha lile daftari. Daftari la shule, la kurasa 96. Niliandika namba ya lori, jina la dereva, simu yake, anabeba nini, karatasi ipi inamkwamisha na iko kwa nani. Hakuna aliyeniagiza. Nilichoka tu kuulizwa jambo moja mara ishirini kwa siku. Baada ya mwaka mmoja, hata mawakala wa kampuni nyingine walikuwa wanakuja kwangu kuuliza lori lao liko wapi.

Kisha ikaja Januari 2008. Kenya inawaka baada ya uchaguzi, reli imeng'olewa Kibera, barabara ya kutoka Eldoret imezibwa kwa mawe. Na mafuta yetu, bomba linaishia huko huko Eldoret na Kisumu, yanayobaki yanakuja kwa lori. Kampala watu walikuwa wanapanga mistari na madumu. Malori yakawa yanakuja kwa misafara yenye ulinzi, mengi kwa mpigo, halafu siku mbili kimya. Yakifika, wote wanataka kuvuka kwanza. Waliotangulia ndio hawana karatasi kamili, wenye karatasi kamili wako nyuma kabisa, na katikati kuna matenki ya petroli yamebanana na jua linawaka. Mpaka leo nikikumbuka ile harufu mwili unanisisimka.

Nilikuwa na daftari mkononi. Nilijua kabisa ni nani anayeweza kuvuka saa ile ile na ni nani atakaa siku tatu. Nikamwendea mzee mmoja wa Mombasa, lori lake la tano kutoka mbele, cheti chake cha mzigo bado hakijafika. Nikamwambia, "Mzee wangu, naomba usogee pembeni, matenki na dawa vipite." Sikuwa na cheo cha kumwamuru. Angeweza kunifukuza kama kuku. Alinitazama kwa muda, akamwita taniboi wake, wakaanza kurudisha nyuma. Madereva wengine walipomwona yeye amesogea, nao wakasogea. Askari wa upande wetu akaniuliza, "Mama, sasa nani anafuata?" Nikafungua daftari nikamsomea.

Unajua kwa nini yule mzee alisogea? Mwaka mmoja kabla, mkewe alikuwa anajifungua Mombasa na simu yake haikuwa na salio. Nilimpa yangu akazungumza mpaka mtoto akalia. Basi. Mimi nilikuwa nimeshasahau.

Ningetamani barua iishie hapo, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu unapopenda kukaa. Lakini wewe ni mtu mzima sasa, na ile ada ya muhula wa pili unaikumbuka.

Mwezi wa tatu Kenya ilikuwa imetulia, Kofi Annan ameshawapatanisha viongozi wao, na kampuni yetu ikaona inahitaji msimamizi wa uwanja. Wakamleta kijana, jamaa ya mwenye kampuni. Siku ya kwanza akaniomba daftari. Nikampa. Nilimpa kwa mikono miwili, mwanangu, na nikamweleza kila alama ina maana gani. Mshahara wangu haukuongezeka hata shilingi mia. Muhula wa pili wewe ukarudishwa nyumbani kwa ada na ukakaa nami sokoni wiki tatu ukisema huumwi na chochote.

Baba yako, Mungu amrehemu, alisema niliwauzia ng'ombe bure. Nilimkasirikia sana. Nikamwambia kijana akipiga zile namba madereva hawampokei, bado wanakuja dirishani kwangu, bado wanauliza mimi nasemaje. Na ilikuwa kweli! Hata baada ya miezi mingi ilikuwa kweli. Lakini usiku nililala nikijiuliza: kusikilizwa huku kunalipa ada ya nani? Kuna siku nasema ningekataa kulitoa. Halafu namwona yule mzee anarudisha lori nyuma, nasema hapana, ningekataa ningekuwa mtu mwingine, na mtu huyo asingesogezewa lori na yeyote.

Sijawahi kulimaliza hilo. Ninachokijua ni kile cha kwanza tu. Usimwandikie tena bwana wa ghala. Nenda ukakae naye siku dawa zinapokewa, uone anavyohesabu makasha, uone karatasi gani ya watu wa fedha inamchelewesha, kisha uifuatilie wewe karatasi hiyo mpaka itoke. Usimtangazie. Atajua. Anayejua mzigo wa mwenzake umekwama wapi, haya, naacha.

Kuhusu mkurugenzi na cheo. Jibu langu liko ulimini kabisa, na shangazi yako ameniapisha nisiliseme, kwa kuwa ofisi ni yako na watu ni wako na mimi wa kwangu walikuwa madereva. Sawa, silisemi. Ila kama ni kwenda, mimi nilianza kufikiria kwenda mwezi wa nne, na kijana aliletwa mwezi wa tatu. Na daftari lako, au hicho mnachoandikia kwenye kompyuta, hakikisha jina lako lipo juu yake tangu sasa.

Karanga za kusaga nimezituma kwa basi la asubuhi, zipokee zisikae kituoni. Na ukiamua kwenda kwa mkurugenzi, nipigie kabla hujaingia mlangoni, hata kama ni saa za sala.

Mama yako