Mtoto ana mapepe au ana ADHD? Maswali yenu na majibu

Nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na mbili, mingi hapa Mbeya, na mwanangu wa pili aliambiwa ana ADHD akiwa darasa la tatu. Kwa hiyo najibu nusu kama mwalimu, nusu kama mama. Udaktari sina. Kwa ambaye neno hili ni geni: ADHD ni hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kushikilia mawazo kwenye jambo moja, kutuliza mwili, au kujizuia kabla ya kutenda, kupita watoto wa rika lake. Mtaani tunasema ana mapepe.

Shikamoo mwalimu. Kijana wangu wa miaka 8 amepimwa, wamesema ana ADHD. Mama mkwe anasema ni mimi, nimemlea kwa soda na simu. Ni kweli? (Mama, Mwanjelwa)

Marahaba mama. Si kweli. ADHD hurithiwa kwa kiasi kikubwa, karibu kama urefu wa mwili. Mtoto aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo naye yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi. Muulize mama mkwe, tena kwa adabu na chai mezani, baba wa mtoto alikuwaje akiwa na miaka minane. Mimi nilipomuuliza wa kwangu alicheka mpaka akakaa chini: mwanaye alitumwa chumvi dukani saa nne asubuhi, akarudi jioni na njiwa wawili, chumvi hana.

Kuhusu soda, Marekani mwaka 1994 watafiti waliwaambia akina mama kwamba watoto wao wamepewa sukari nyingi, kumbe hawakupewa hata punje. Akina mama hao waliwaona watoto wao watukutu zaidi kuliko akina mama walioambiwa ukweli walivyowaona wa kwao. Punguza soda kwa ajili ya meno yake. Simu ndiyo ina jambo, maana inakula usingizi, na mtoto mwenye ADHD aliyelala saa sita usiku kesho yake huwezi kukaa naye.

Mwanangu yuko darasa la pili. Anachapwa karibu kila siku kwa kusimama simama na kupoteza penseli. Naogopa nikienda shule nitaonekana nadekeza. (Baba, Mafinga)

Nenda, baba. Ila usiende asubuhi ya mstarini, mwalimu ana chaki mkono mmoja na wachelewaji mkono wa pili. Nenda mchana watoto wakishatoka, na ubebe karatasi ya hospitali.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinajulikana ofisi zote za walimu. Kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, hakizidishwi vinne kwa mara moja, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu inaandikwa kitabuni. Penseli iliyopotea haimo humo. Lakini usianze na hilo. Mwalimu ukimwanza kwa kanuni atakujibu kwa kanuni, na atakayekaa naye kesho ni mwanao. Liweke akiba. Fimbo zikiendelea baada ya mazungumzo, hapo mpelekee mwalimu mkuu, na akikaa kimya uende kwa afisa elimu kata.

Anza kwa kumweleza kwa nini fimbo haijafanya kazi mpaka leo. Muulize mwanao sheria za darasa, atakutajia zote kwa mpangilio. Anazijua. Shida ni ile nukta moja anapoinuka: hapo sheria haipo kichwani, inarudi akishafika dirishani. Kumchapa kwa hilo ni kama kumchapa mwenye makengeza asome vizuri.

Kisha omba vitu vichache. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha. Apewe agizo moja, akilimaliza apewe la pili. Na apewe kazi ya kumwinua kwa halali: kufuta ubao, kugawa madaftari, kuchota maji ya kunawa. Mtoto ambaye lazima ainuke, heri ainuke kwa kutumwa.

Penseli ni juu yako. Ya mwanangu niliifunga kwa uzi wa fundi viatu, ncha ya pili nikaipitisha kwenye tundu la kifungo cha sweta. Juni na Julai hapa kwetu sweta haivuliwi, basi penseli ilidumu hadi Agosti. Jua lilipotoka sweta ikapotea, na penseli yake. Sikuhizi nanunua kwa pakiti na nakata kila moja katikati.

Binti yangu wa miaka 10 si mtundu kabisa, ni mkimya. Mwalimu anasema yuko darasani mwili tu. Nesi akataja ADHD. Mbona ametulia? (Mama, Njombe)

Inawezekana. Kuna ADHD isiyo na fujo: mtoto anazubaa, anasahau, anaacha kazi nusu, anaruka swali la tatu bila kujua. Wasichana wengi wako hapa, na hawagunduliki kwa sababu hawamsumbui mtu.

Lakini mengine yanafanana nayo, mama, kwa hiyo anza nayo. Masikio, hasa kama yaliwahi kutoa usaha. Macho. Upungufu wa damu. Kukoroma usiku kwa sababu ya mafindofindo, maana asiyelala vizuri huamka mzito. Na kuna kifafa kisichoangusha: mtoto anakodoa macho sekunde kumi hivi, ukimwita hasikii, kisha anaendelea na sentensi yake kama hakuna kilichotokea. Ukiona hivyo, mrekodi kwa simu ukamwonyeshe daktari.

ADHD haina kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Atakayekwambia kipo, rudisha hela mfukoni. Inapimwa kwa maswali marefu kwa mzazi na kwa mwalimu: dalili ziwe zimekaa miezi sita au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, na zinaonekana nyumbani na shuleni. Kama ni shuleni tu, chunguza shule. Kwa huku kwetu waweza kuomba rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Nenda na madaftari yake, hata yale yaliyochanika.

Daktari ametuandikia methilifenideti. Majirani wanasema atakuwa zezeta, baadaye teja. Nimevificha vidonge kabatini wiki ya pili sasa. (Mama, Kihesa, Iringa)

Na mimi nilivificha, mama. Siku tisa.

Dawa hii, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, si ya juzi: ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944. Inasaidia ile sehemu ya ubongo inayosema "subiri kidogo." Kidonge cha kawaida kinaanza kazi ndani ya saa moja na kuisha baada ya saa nne hivi, hakikai mwilini siku nzima. Mtoto akikaa kama sanamu, macho hayana uhai, dozi imezidi au dawa haimfai. Mrudishe kwa daktari, usimalizie chupa kwa kuogopa hasara.

Lakini inakata hamu ya kula, hilo utaliona wiki ya kwanza. Mpe uji mzito wa karanga au viazi kabla ya kidonge, siyo baada, na jioni dawa ikishaisha mwachie sufuria. Inaweza pia kuchelewesha usingizi, kuuma kichwa au tumbo. Ndiyo maana lazima apimwe uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo kila anaporudi kliniki. Kliniki ikisahau mizani, kumbusha.

Kuhusu uteja: kwa dozi ya daktari, utafiti haujaonyesha kwamba watoto hawa wanakuja kuwa mateja kuliko wenzao wasiotumia. Ila ni dawa inayodhibitiwa kimataifa tangu mkataba wa mwaka 1971, kwa hiyo haiuzwi bila cheti, haigawiwi kwa mtoto wa jirani "naye ajaribu", na mtunza vidonge ni wewe, siyo dada wa kazi. Muulize daktari mapema, dawa ya mwezi ujao itapatikana wapi. Na mtoto wa chini ya miaka sita kwa kawaida haanzi na vidonge, wanaanza kufundishwa wazazi.

Jambo moja pembeni, maana nimelikuta kwa watu wawili. Mtoto anayetumia fenobabitoni ya kifafa anaweza kuwa na mapepe yaliyoletwa na dawa yenyewe. Mwambie daktari, na usiikatishe ghafla mwenyewe, degedege litarudi kwa nguvu.

Babu yake anasema apelekwe bweni akanyooshwe. Yuko darasa la tatu. (Mama, Tukuyu)

Mwambie babu serikali imeshajibu. Tangu mwaka 2023 bweni kuanzia awali hadi darasa la nne limezuiwa, isipokuwa kwa kibali maalumu. Hata akifika la tano ningesita. Bwenini nani atamkumbusha soksi?

Tumeambiwa ni mashetani. Maombi yana ubaya? (Baba, Kyela)

Maombi hayana ubaya, endeleeni. Kumfunga kamba, kumchanja, kumfukiza moshi au kumshindisha njaa, hapana.

Mimi ni mwalimu, nina watoto 94 darasani. Huyo mmoja nitamhudumia saa ngapi? (Mwalimu, Makambako)

Mwalimu mwenzangu, swali lako limenikaa, kwa sababu ninyi ndio mnaobeba lawama zote. Sikuombi umfundishe peke yake. Mtu mmoja na watoto 94, hilo haliwezekani, na anayekuja kukukagua na fomu yake analijua.

Mimi nilikuwa na 87. Nilichofanya ni kuacha kupigana na makalio yao. Kila baada ya dakika kumi na tano darasa zima lilisimama na kutaja jedwali la sita kwa makofi, mwanzo hadi mwisho, kisha likakaa. Dakika mbili. Kiongozi wa makofi alikuwa yuleyule asiyetulia, na alianza kuangalia saa yangu ya mkononi kuliko mimi. Mjaribu wa kwako kesho kipindi cha hisabati. Akikosea sita mara nane usihangaike, 93 watamsahihisha kwa sauti.